Muhula wa Kwanza: Kuita Majina na Kumtafuta Asiyekuwapo

Mwanzoni mwa mwezi wa Septemba kengele ya shule ya misioni hulia mapema katika Manono. Mara nyingi si kengele hasa, ila kipande cha chuma kilichotundikwa mtini, nacho hugongwa kwa jiwe na mvulana wa darasa la sita. Watoto waja kwa makundi, shati jeupe na suruali au sketi ya buluu. Na wengine shati lenyewe ni la kaka yao, mikono imekunjwa mara tatu. Wa darasa la kwanza wangali wameshika nguo za mama zao. Ndipo mwalimu afunguapo daftari kubwa la majina, akaandika jina la kila mtoto, la baba na la mama, na mtaa au kijiji atokako.

Tangu siku hiyo hata likizo ya Noeli ni yapata majuma 15. Katika majuma hayo mwalimu atafundisha kusoma, kuandika, hesabu, dini, nyimbo, kazi ya shamba na mengine yaliyopangwa na Serikali. Inspekta atakapokuja atatazama matayarisho ya masomo na madaftari ya watoto, naye afanya vema. Lakini liko jambo moja ambalo mwalimu aliye katekista hana budi kulitazama yeye mwenyewe kwanza: katika majina yaliyoandikwa Septemba, ni mangapi yatakayoitikiwa siku ya mwisho ya Desemba? Maana alfabeti haimfikii mtoto asiyekuwapo, wala katekismo haimfikii.

Shule hizi si mali ya padre, kama watu wengine wadhanivyo hata leo. Mwishoni mwa mwaka 1974 Serikali ya Zaire ilizitwaa shule zote za makanisa. Kisha tarehe 26 Februari 1977 ikafanya mapatano na makanisa, nayo yakarudishiwa kazi ya kuziongoza. Hivyo mwalimu ni mtumishi wa Serikali, na papo hapo anatumwa na Kanisa. Mwezi wa Septemba 2019 karo ya shule za msingi iliondolewa, jambo ambalo Katiba ya mwaka 2006 ilikuwa imekwisha kuliahidi. Wazazi wakafurahi, madarasa yakafurika. Watoto walioketi wawili sasa huketi wanne. Mlango umefunguliwa kwa wote, ndiyo. Lakini katika chumba kilichojaa hivyo mtoto aweza kutoka bila mtu yeyote kuona.

Kwa sababu hiyo juma la kwanza lisiwe la kukimbilia kitabu. Liwe la majina na la mahali pa kuketi. Mwalimu ajifunze majina yote kwa moyo, hata yale magumu, wala asimwite mtoto kwa jina la kijiji chake au la kabila lake. Na katika kuwapanga mabenchini awe mwangalifu kuliko katika jambo lolote jingine la muhula. Yapasa kusema waziwazi. Katika jimbo la Tanganyika Waluba na Watwa walianza kupigana mwaka 2013, na katika miaka ya 2016 na 2017 mapigano yakawa makali sana: vijiji vilichomwa, shule nyingi zikabomolewa, watu wakakimbia kwa maelfu. Watoto wanaoingia darasa la kwanza leo walizaliwa baada ya hayo. Hawakuona mshale wala nyumba ikiungua. Wamesikia tu jioni, wakati wakubwa wanapozungumza karibu na moto. Lakini masikio ya mtoto hayasahau. Akiachiwa ajichagulie benchi, Mluba ataketi na Mluba, na Mtwa ataketi nyuma kabisa, karibu na mlango. Mwalimu asihubiri juu ya jambo hilo siku ya kwanza. Awapange tu kwa kimo, wafupi mbele, wala asieleze neno. Kimo hakina kabila.

Baada ya hapo masomo yaanza, nayo kwa darasa la kwanza yaanza kwa Ishara ya Msalaba na kwa sauti tano: a, e, i, o, u. Mambo haya mawili yaenda pamoja vizuri kuliko mtu awezavyo kufikiri, kwani yote mawili hutaka mkono na mdomo vitende pamoja. Vitabu ni vichache. Basi mwalimu awapeleke watoto kwenye kichuguu, wachimbe udongo, waulowanishe, na kila mmoja afinyange herufi ya siku hiyo kwa mikono yake, kisha aianike juani. Baada ya mwezi mmoja darasa lina alfabeti yake, ngumu kama tofali, nayo haikugharimu hata faranga moja. Mtoto aliyefinyanga herufi m hasahau miguu yake mitatu.

Katika kusoma, mtoto wa Manono ana taabu mbili ambazo kitabu kilichotungwa mbali hakizijui. Taabu ya kwanza ni sauti ya r. Kiluba hakina sauti hiyo, kwa hiyo mtoto husema l mahali pote, na kwake “karamu” na “kalamu” ni neno moja. Mwalimu asimcheke, wala asiwaache wenzake wamcheke. Ashike kalamu mkononi, aulize: “Hii ni nini?” Kisha achore ubaoni arusi ya Kana, meza na mitungi sita, aulize tena: “Na hii?” Watoto wataimba maneno hayo mawili mpaka ulimi uzoee. Aliyejua tofauti hiyo katika mwezi wa Septemba, atakaposikia habari za karamu ya Bwana katika mafundisho ya Komunyo ya kwanza hatadhani kwamba padre anasema habari za wino.

Taabu ya pili ni ya neno “mtoto” lenyewe. Mtaani husemwa mutoto, muti, mukate. Kitabu kimeandika mtoto, mti, mkate, na mtoto mwerevu huuliza, kwa haki kabisa, u imekwenda wapi. Walimu wengi hujibu kwamba cha mtaani ni kibaya, na hivyo wamemfundisha mtoto kuona haya kwa ajili ya mama yake. Iko njia bora. Watoto wapige makofi: mu-to-to, makofi matatu. Kisha wasome kama kitabu: m-to-to, nayo pia makofi matatu. Basi u imelala, lakini mahali pake pamebaki. M inasimama peke yake na kupewa kofi lake. Mtoto akilielewa hilo, ameielewa kanuni kubwa ya kusoma Kiswahili, wala hakuvunjiwa heshima ya nyumbani.

Kifaransa chaja polepole baadaye, na walimu wa madarasa ya juu wanajua jinsi kinavyowashangaza watoto: katika Kiswahili kila herufi iliyoandikwa hutamkwa, lakini katika Kifaransa neno laweza kuburuta nyuma yake herufi tatu zisizosema kitu. Mtoto aliyesoma kwanza vizuri kwa Kiswahili hucheka, kisha hujifunza. Aliyerukishwa hukariri wimbo asioujua maana. Katika kuhesabu, lakini, Wakongo wamepata nafuu: wamefuata desturi ya Wabelgiji, ambao wana neno moja kwa sabini na moja kwa tisini, hali Wafaransa wenyewe husema sitini na kumi, na kwa tisini husema ishirini mara nne na kumi.

Oktoba ni mwezi wa Rozari, nayo ni chombo cha hesabu kilichokwisha kutengenezwa. Makumi matano ya Salamu Maria, na katikati ya kila kumi punje moja peke yake kwa Baba Yetu. Mtoto ambaye vidole vyake vimezoea kusimama kwenye punje ya kumi ameshika kiganjani mwake maana ya kumi na moja, na ya ishirini na moja. Darasa la pili na litengeneze rozari kwa mbegu ngumu za porini na uzi wa gunia. Darasa la nne lijibu hesabu hii: zamani matendo ya Rozari yalikuwa 15, mwaka 2002 Papa Yohane Paulo wa Pili aliongeza matendo matano ya mwanga, je, anayesali matendo yote sasa husema Salamu Maria ngapi, na zamani alisema ngapi? Wapatao 200 na 150 wameelewa kuzidisha. Hata hivyo mwalimu atenge wakati wa hesabu na wakati wa sala. Wako watoto waliofundishwa vibaya, na wakati wa sala midomo yao huhesabu tu.

Kwa kupima na kutoa, Manono ina kitu ambacho miji mingine haina, nacho ni bati. Mji wenyewe ulikua kwa ajili ya bati; kampuni ya Géomines, iliyoundwa mwaka 1910, ilichimba huko miaka mingi. Bei ya bati ilipoanguka duniani mwaka 1985 kazi ikapungua, kisha vita vikaja, mitambo ikasimama, wakabaki wachimbaji wa mikono wenye koleo na karai. Siku hizi kampuni nyingine zimekuja kwa ajili ya lithiamu, madini yatumikayo katika betri za simu na za magari. Mtoto wa Manono anayajua haya kabla hajajua a. Basi mwalimu alete makopo mawili yaliyo sawa, moja lijae mchanga wa mtoni, la pili lijae mawe madogo ya bati, naye amwite mtoto ayainue. Kisha aulize: kwa nini mchimbaji akiosha mchanga ndani ya karai, mchanga huenda na maji na bati hubaki chini? Mikono itainuka mingi, na mara nyingi anayejibu vizuri kupita wote ni mtoto yule ambaye katika kusoma yu wa mwisho. Jiwe safi la bati lina uzito kama mara saba wa maji yenye ukubwa uleule. Mtoto huyo hakuambiwa na mtu, mkono wake umemwambia.

Lakini hapa mwalimu afahamu pia kile anachokiona. Mkono ule umejifunza wapi? Sheria ya kumlinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 yakataza mtoto kutumwa katika kazi za hatari kama zile za mashimoni. Mwalimu asimwaibishe mtoto mbele ya wenzake, wala asimwulize maswali kama askari. Aweke jina hilo moyoni mwake, maana ndilo atakalolitafuta Novemba.

Maana mvua zianzapo, darasa huanza kupungua. Oktoba ikiisha na Novemba ikiingia, wazazi wanapanda mahindi na karanga, na mdogo wa kubeba mgongoni hataki kuachwa peke yake, basi dada yake mwenye miaka minane hubaki nyumbani. Miti ya porini huvaa majani mapya, na juu yake huja viwavi vya kuliwa. Jamaa nzima hufunga mizigo zikahamia msituni, hasa Watwa, ambao msitu ni ghala yao tangu mababu. Uyoga nao huota. Na kule machimboni maji ya mvua hurahisisha kazi ya kuosha. Mwalimu asiyejua kalenda hii husema watoto ni wavivu. Anayeijua hushangaa kwamba wengine hata hivyo wanakuja, miguu imejaa matope, daftari limefungwa ndani ya mfuko wa plastiki.

Wakati huohuo, katika mafundisho ya dini, darasa limefika kwa Kaini na Abeli. Mpango wa muhula huu ni mzuri kwa kuwa hufuata safari ya wokovu: uumbaji, wazazi wetu wa kwanza, Kaini, Noe, Abrahamu, Musa, manabii, hata Bikira Maria na Noeli. Walimu wengi humpitia Kaini upesi, kama mtu apitaye kando ya nyumba yenye msiba. Katika Manono isifanywe hivyo. Somo hili lipewe siku mbili.

Siku ya kwanza mwalimu asimulie tu, polepole, kwa Kiswahili chepesi. Ndugu wawili, mmoja mkulima na mmoja mchungaji. Wote wawili wanamtolea Mungu sadaka. Wivu waingia moyoni mwa mmoja, uso wake waanguka. Mungu amwonya kwanza, naye hasikii. Wako shambani, hakuna mtu aonaye. Watoto wa Waluba na wa Watwa wataelewa upesi kuliko watoto wa mahali pengine, kwa kuwa wao pia wamesikia habari za mkulima na mtu wa porini, na za shamba na msitu, na nani alikuwa mwenye nchi. Mwalimu asiseme nani ni Kaini na nani ni Abeli. Mtoto akiuliza, naye huenda akauliza, ajibiwe kwamba Kaini na Abeli walitoka tumbo moja, na kwamba kila mtu anayesikia habari hii hana budi kuutazama moyo wake mwenyewe kabla ya kuutazama wa jirani.

Siku ya pili iwe ya swali peke yake, lile ambalo Mungu alimwuliza Kaini: ndugu yako yuko wapi? Kaini alijibu kwamba hakuajiriwa kumlinda. Mwalimu aulize darasa: Je, Mungu hakujua Abeli alikuwa wapi? Alijua. Basi kwa nini aliuliza? Waachwe wafikiri. Mmoja atasema Mungu alitaka Kaini aseme mwenyewe, mwingine kwamba alitaka kumpa nafasi ya kutubu. Yote mawili ni sawa, na yatosha kwa watoto wa miaka minane. Kisha mwalimu afungue daftari la majina mbele yao, awaonyeshe kwamba kila asubuhi swali hilohilo linaulizwa ndani ya chumba hiki.

Lakini namna ya kuuliza ni jambo kubwa. Mwaka mmoja, katika darasa la pili la shule mojawapo ya huko, mvulana Mtwa aliacha kuja baada ya sikukuu ya Watakatifu Wote. Asubuhi tatu jina lake liliitwa, asubuhi tatu darasa likanyamaza. Siku ya nne msichana Mluba, aliyeketi naye benchi moja, alisema kwa sauti ndogo: “Mwalimu, amekwenda na baba yake kwenye viwavi, ng’ambo ya mto.” Kumbe alijua tangu siku ya kwanza! Hakuna aliyemwuliza. Mwalimu alikuwa ameuliza watu wote, na swali la watu wote halina mwenyewe.

Tangu siku ile katika darasa hilo majina hayaitwi tena moja moja. Huitwa benchi kwa benchi, na kila mtoto hujibu kwa ajili ya jirani yake: yupo, au hayupo, na yuko wapi. Mtoto asiyejua jirani yake yuko wapi, jioni hupita nyumbani kwake kuuliza, endapo si mbali na njia ni salama. Hapo ndipo kazi ya kupanga mabenchi kwa kimo, iliyofanywa Septemba bila maneno, huonyesha faida yake. Mtoto wa Mluba atakwenda kupiga hodi nyumbani kwa Mtwa, na wa Mtwa kwa Mluba, naye mama wa nyumba atashangaa kidogo, atamkaribisha, atampa kipande cha muhogo.

Jumamosi ile mwalimu alikwenda mwenyewe mpaka kambi ya viwavi. Baba hakukasirika. Alisema viwavi havingoji shule, na akiviacha vikaliwa na wengine, watoto watakula nini? Neno hilo lilikuwa kweli, na mwalimu hakubisha. Aliomba mambo mawili: mtoto arudi mara kapu la tatu lijaapo, na aje na viwavi vichache vilivyo hai. Mvulana alirudi baada ya majuma mawili na nusu. Somo la sayansi la juma lile lilikuwa lake: akawaonyesha wenzake kiwavi cha kila mti, jinsi yai linavyokuwa kiwavi, na kiwavi kinavyoingia ardhini kuwa bundo, na jinsi kipepeo kikubwa cha usiku kinavyotoka humo. Kwa kuondoa namba alikuwa amebaki nyuma, na jirani yake wa benchi akamfundisha kwa vijiti, kwa ukali ambao mwalimu mwenyewe hangethubutu kuutumia.

Kwa wazazi walioko machimboni neno jingine lafaa. Kuwaambia kwamba shule itamfanya mtoto awe karani hakufai tena. Wamewaona makarani wasio na mshahara. Bali waulizwe: mizani ya mnunuzi wa bati mnaisoma wenyewe? Asiyejua kusoma namba huambiwa kilo nne mahali pa tano, naye hushukuru. Baba mmoja aliposikia hilo alinyamaza, akatazama mikono yake, na Jumatatu mtoto wake alikuwa benchini.

Madarasa ya juu yasisahauliwe katika habari hii, ijapokuwa taabu zao ni nyingine. Katika jiografia waanze na maji yao: Luvua hutoka katika ziwa Mweru karibu na Pweto, hupita Kiambi, huungana na Lualaba kule Ankoro, na Lualaba ndiyo Kongo iendayo baharini. Kisha wajue wilaya sita za jimbo lao, ambalo limekuwa jimbo tangu mwaka 2015: Kabalo, Kalemie, Kongolo, Manono, Moba na Nyunzu. Kwa historia, mwalimu asiende Ulaya kutafuta mfano. Huko Mpala, ukingoni mwa ziwa Tanganyika, Mapadre Weupe walifika mwaka 1885. Mtoto wa nchi ya Marungu aitwaye Stefano Kaoze alisoma katika shule yao, naye tarehe 21 Julai 1917 akapewa daraja ya upadre, Mkongo wa kwanza wa nyakati hizi. Alianza, kama wao, kwa herufi tano.

Desemba yaingia kwa sikukuu ya Mwenye Heri Anuarite, tarehe mosi. Alizaliwa Wamba mwaka 1939, akawa mtawa wa shirika la Jamaa Takatifu, tena mwalimu wa shule ya msingi, akauawa Isiro usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri katika Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Watoto hupenda kusikia kwamba naye alisahihisha madaftari. Siku hiyo yafaa darasa lisali kwa ajili ya walimu, na walimu wasione haya kuwaomba watoto sala hiyo.

Kisha mitihani. Juu yake hapana mengi ya kusema: kila muhula una sehemu mbili zenye alama zake, na mtihani mwishoni, nao hujumlishwa. Maswali na yatoke katika mambo yaliyofundishwa, yaandikwe ubaoni kwa herufi kubwa, na mtoto aliyekosa siku kumi kwa ajili ya shamba asipewe sifuri bila kupewa nafasi ya kujibu kwa mdomo. Majilio nayo yaendelea. Pango la Noeli hutengenezwa kwa udongo uleule wa kichuguu, na watoto wa darasa la kwanza hufinyanga ng’ombe wenye miguu mitatu, kwa kuwa mkono umezoea herufi m.

Siku ya kufunga shule, kabla ya kusoma matokeo, majina huitwa mara ya mwisho. Katika darasa lile la pili, mwaka uliofuata, yalikuwa yameandikwa 58 mwezi wa Septemba, yakaitikiwa 53. Watatu walikuwa wamehama na wazazi wao, na majirani zao walijua kijiji. Mmoja alikuwa mgonjwa, naye alitumiwa matokeo yake kwa mkono wa jirani. Wa tano alikuwa mvulana yule wa makopo mawili, aliyejua uzito wa bati kuliko wote. Mwalimu alikuwa amemfuata mara tatu; mara ya tatu aliambiwa kwamba mjomba wake amemchukua kwenda kwenye machimbo mapya, mbali. Jina lake lilipoitwa, jirani yake wa benchi alisimama.

“Hayupo, Mwalimu. Yuko na mjomba wake kwenye mashimo. Daftari lake ninalo mimi.”

Mwalimu aliliandika jina hilo tena katika orodha ya Januari, chini ya jina la jirani yake, akasoma matokeo.